Kiti Chako Kimefika Fairfax

Kwako Bibi Galina,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako sasa anaijua Mungu peke yake, nami sithubutu kuuliza. Nitakupa zetu. Mimi Mwanaidi sijambo, ila mguu wa kulia ni ule ule, nikishuka ngazi za treni unalia. Baba Salha hajambo, bado anaendesha lile gari la kupeleka mizigo na bado analalamikia foleni ya barabara kuu kama vile imeanza jana. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, hajambo, kikohozi kimepungua, anasema nikwambie ile jemu ya cheri uliyompa aliimaliza kwa kijiko, mkate haukuiona. Mama Mkongo wa mlango wa pili, yule aliyetuletea mahindi siku uliyokuja kwetu Gaithersburg, anakusalimu kwa Kifaransa chake, nami nimekisahau njiani. Salha hajambo. Habari zake ndizo zilizonikalisha kitako niandike, nitazifikia.

Naandika Kiswahili. Ulipokuwa hai tuliongea Kiingereza, wewe chako kimevunjikia Urusi, mimi changu kimevunjikia Pangani, tukaokota vipande tukaelewana. Huko uliko nadhani mkalimani hahitajiki. Na shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona nimeruka mbele nikarudi nyuma, vumilia, kama ulivyomvumilia mwanangu.

Bibi Galina, nyumba yako ya Columbia Heights haipo tena. Yaani ipo, lakini si yako. Mpwa wako Ilya ameitoa kila kitu. Siku walipokuja kulitoa lile piano kubwa jeusi niliomba ruhusa kazini nikaenda, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kusindikiza mgonjwa. Walilivua miguu, wakalifunika mablanketi, wakalilaza ubavu. Nikawaambia, taratibu jamani, huyo ni mzee. Wakacheka. Limekwenda kwenye shule moja ya watoto, ulivyotaka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekuandalia lawama kidogo, nisamehe, maana nilidhani utamwachia Salha. Halafu nikafikiria ghorofa yetu ya tatu, na ngazi zetu, na jirani wa chini anayegonga dari hata tukitwanga kitunguu saumu. Lawama nikaimeza.

Salha ulimwachia kiti. Ilya alikileta mwenyewe, kimefungwa kwa kamba: kile kiti chako kifupi cha kupigia piano, ulichozunguka nacho nchi nyingi kwa sababu hukuamini viti vya watu. Bi Mwanakombo alikitazama akasema, "Mtu ana piano la thamani ya nyumba, anamrithisha mtoto kigoda?" Salha alikaa juu yake, akaingiza mkono chini ya mto, akapapasa pale niliposhonea kiraka. Akaenda nacho chumbani akafunga mlango.

Unakikumbuka kiraka kile. Mto ulichanika, ukataka kuutupa, nikakata kipande cha kanga yangu kuukuu nikauziba. Ukaona maandishi ukauliza yanasema nini. Yalikuwa yamebaki maneno mawili tu, "mwenyeji apone." Nikakueleza methali nzima, kwamba mgeni akija, mwenyeji hupona. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Hapa mwenyeji nani, Mwanaidi? Sote tumekuja." Tangu siku hiyo kila ukikaa ulikuwa unauliza, nimekaa juu ya mgeni au juu ya mwenyeji?

Siku ya mazishi nilikutia aibu, labda uliona. Nilinunua maua meupe, nikachagua matano kwa sababu Mungu ni mmoja na anapenda witiri. Nikayashika vizuri mbele ya watu wote. Yule mwanafunzi wako wa zamani, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, akanisogelea, akachomoa ua moja taratibu akalitia mfukoni mwake. Nikadhani, huyu vipi, anaiba maua ya maiti? Baadaye akanieleza kwa adabu: kwenu maua ya witiri ni ya walio hai, marehemu hupewa shufwa. Kumbe miaka yote nilipokuletea maua mawili mawili sikukuu ikifika, ukayapokea ukacheka peke yako, nilikuwa nakuzika. Na hukusema. Ulikuwa unachomoa moja unaniwekea mimi kwenye glasi jikoni. Nilidhani ni upendo tu. Sasa nadhani yalikuwa yote mawili.

Basi nikumbuke kidogo, nisije nikasahau mimi mwenyewe.

Nilikuja kwako kwa kazi ya kulea wazee, na Jumamosi sikuwa na pa kumwacha Salha. Miaka tisa alikuwa nayo. Nilimwambia akae kwenye zulia asiguse kitu. Nikiwa bafuni nikasikia ting. Nikajua kazi imekwisha. Nikatoka mbio na povu mikononi, nikakukuta umesimama nyuma yake na fimbo yako, umefumba macho. Ukamwambia, tena. Akagusa tena. Ukamwambia, sasa sikiliza mpaka iishe. Mkakaa wote wawili mnasikiliza sauti moja inakufa, kama watu wanaomsikiliza mgonjwa anavyopumua. Mimi nimesimama mlangoni povu linadondoka.

Nyimbo zako zilikuwa na majina marefu ya watu waliokufa zamani, hayakukaa kichwani mwangu. Nikazipa yangu. Ule wa mikono miwili kupokezana chini nikauita Kutwanga. Ule mwepesi wa juu, Kuchekecha. Ule wa taratibu uliokuwa ukiupiga asubuhi mimi nikiosha vyombo, Kubembeleza. Siku moja wanafunzi wako wamejaa, nawe unamwambia Salha mbele yao, "Piga Kutwanga, halafu Kuchekecha." Wale madaktari na watoto wa mabalozi wakatazamana. Nilijificha jikoni kwa kicheko.

Vidole vyako vilikuwa vimejikunja kama tangawizi. Nilikuwa navisugua kwa mafuta ya karafuu kimoja kimoja, wewe unanieleza. Kumbi ulizopiga, wengine wakikaa mpaka kwenye ngazi. Gauni moja jeusi ulilolifua mwenyewe hotelini kila baada ya tamasha. Mume wako na fidla yake, ambaye ulisema mlikuwa mkigombana kwa muziki na kupatana kwa supu. Na ile ya vita, ambayo Salha alitaka uirudie kila mara: mlivyokimbizwa mbali mkapewa chumba kijijini, hakuna piano, na mama yako akachukua kaa la jikoni akachora vibonyezo vyote vya piano juu ya meza, vyeupe na vyeusi. Ukapiga meza mpaka vita vikaisha. Mama yako alikuwa akisimama nyuma yako anakukosoa, na hakuna sauti iliyotoka. Nilikuuliza, alijuaje umekosea? Ukasema, "Alikuwa mama, aliona bega langu."

Sasa nifike kwa Salha.

Ulipofariki alilia siku moja. Siku ya pili alitoa kanga kabatini mwangu akakifunika kile kinanda chake cha umeme, akachomoa waya akauzungusha vizuri. Nilijua atakifunua. Wiki ikapita. Nikamwambia, mwanangu, usaili wako wa chuo kule Fairfax unakaribia. Akanijibu kwa Kiingereza chake, maana mimi naongea Kiswahili na yeye anajibu Kiingereza, ndivyo nyumba yetu ilivyo, akasema nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka arubaini. Nikamtazama. Hayo maneno ni yangu, Bibi Galina. Mama yangu alipofariki Pangani, Salha akiwa mdogo, nilizima redio na televisheni mpaka arubaini yake, na alipouliza nikamjibu hivyo hivyo. Miaka yote nadhani namwambia mambo yetu yanaingia huku yanatokea kule. Moja lilibaki, na limebaki wakati huu.

Nikapiga hesabu ya tarehe, usaili ulikuwa unaangukia ndani ya arubaini yako.

Baba yake alikasirika. "Huyu mtoto atapoteza chuo kwa ajili ya matanga ya mzee wa Kirusi?" Nikamwambia, sema polepole, huyo mzee ndiye aliyemfikisha hapo. Akasema, "Ndiyo maana! Angekuwa hai angemchapa na ile fimbo." Nikaenda kumwuliza shehe msikitini. Akanijibu vizuri, kuomboleza ni siku tatu isipokuwa mjane, arubaini ni mila zetu tu, mwambie binti apige asome. Nikarudi mbio nimefurahi kama niliyebeba dawa. Salha akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, sikuuliza dini. Hii ni ya kwake."

Sasa mama utafanya nini. Nikimlazimisha, nimemfundisha kwamba mambo yetu ni ya kuvaa na kuvua. Nikimwacha, nafasi inapita, na mwaka ujao nani anajua. Nilikuwa napika nasahau chumvi. Kwa huyu mzee mpya ninayemlea, mpenzi wa mpira, niliweka dawa ya asubuhi kwenye kisanduku cha jioni, Mungu akasaidia nikaona kabla. Na kila saa najiambia, ningekuwa na Galina ningemwuliza. Ndipo nakumbuka.

Jumapili moja mchana nilirudi mapema kutoka kazini. Nyumba kimya. Nikasikia mlio kama mvua nyepesi juu ya bati la mbali, na nje jua kali. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni. Salha alikuwa mezani, amekaa kwenye kiti chako, mikono juu ya kile kitambaa cha plastiki chenye picha za machungwa. Anapiga. Mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Nilisimama nikatazama mikono tu. Mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda na kurudi, wa kulia unapokea. Nikajua, hiyo Kutwanga. Halafu bega lake likapanda, akakatiza, akarudia. Bibi Galina, niliona bega.

Nilimwambia, kumbe unajiandaa. Akaruka kwa woga. Akasema anapiga kila siku, ila hawezi kutoa sauti, sauti ya kwanza ni lazima isubiri. Nikamwuliza, na usaili? Akainamisha kichwa. "Acha upite, Mama."

Bi Mwanakombo alikuwa kwenye kochi na tasbihi yake, tukadhani amelala. Akauliza bila kufumbua macho, "Nani amekwambia tanga linahesabiwa na kalenda?"

Salha akasema, wewe na Mama.

"Mimi sikusema. Tanga haliishi lenyewe kama mwezi. Tanga huanuliwa. Na anayeanua ni mkubwa. Kwetu karafuu zikiiva na watu wana msiba, mkubwa anasimama, anasema basi, marehemu hapendi karafuu zimwagike. Watu wanakwenda shamba. Hakuna aliyesema hawakumpenda."

Salha akauliza mkubwa wa Bibi Galina ni nani hapa.

"Mimi," akasema. "Tulilingana umri, ila yeye amekufa, kwa hiyo mimi sasa ndiye nimemzidi."

Nilitaka kucheka nikaona Salha hacheki. Anafikiri. Na wewe unajua Bi Mwanakombo alivyokisema hicho kinanda tangu kiingie, kwamba kina meno mengi kuliko mamba na hakitafuni kitu. Lakini pia alikukumbuka. Siku ile ulipokuja mlikaa wawili alasiri nzima, hamna neno hata moja la pamoja, mnaonyeshana mishipa ya mikono na kupimana nani ana maumivu zaidi. Ulipoondoka alisema, "Huyo mwenzangu."

Asubuhi ya usaili Bi Mwanakombo akaamka kabla yetu. Alipika kahawa yake ya tangawizi, akapanga vikombe, na kimoja cha ziada akakiweka upande wako, mbele ya kiti chako. Akavaa kanga mpya. Akamwita Salha, akamshika mkono, akasema jina lako analolitamka vibaya, Galina binti nani hatujui, alikuwa mtu mwema kwa mtoto wetu, na leo tanga lake limeanuliwa na mimi. Kisha akaenda akaivuta ile kanga juu ya kinanda akaikunja. "Haya. Nenda shamba."

Salha akalia, mara ya pili. Akasema atapiga, ila sauti ya kwanza haitatoka hapo nyumbani kwenye kile cha umeme. Itatoka huko chuoni, kwenye piano lenyewe, kwenye kiti chako.

Basi tukabeba kiti. Kabla ya kutoka Baba Salha ana funguo mkononi, anaitazama saa, ananiambia foleni, Mwanaidi, foleni. Nikasema hapana. Kaeni. Wote. Tukakaa, yeye kwenye mkono wa kochi, mimi kwenye kiti cha plastiki, kimya, kama ulivyonikalisha juu ya sanduku langu siku nakwenda kumzika mama. Siku ile nilidhani umechoka unataka kupumzika, kumbe ni desturi yenu, anayesafiri akae kwanza na njia imsubiri. Na nilipokuwa nimekaa juu ya lile sanduku ndipo nilipokumbuka pasipoti iko juu ya friji. Mara hii ni Baba Salha aliyesema ghafla, "Barua ya mwaliko." Ilikuwa kwenye printa. Hajasema tena neno juu ya kukaa.

Chuoni mlinzi alitutazama tunakokota kiti ukumbini akauliza, hapa viti hakuna? Baba Salha akamjibu, "Vipo, lakini hiki kina mwenyewe." Nilimpenda mume wangu pale.

Wakamwita. Akaingia na kiti. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje kwenye benchi na mkoba wangu kifuani. Nikasubiri sauti. Haikuja. Nikasubiri. Bado. Nikamtazama Baba Salha, naye ametoa macho. Nikajisemea, mwanangu ameganda, ameshindwa kuifungua, na mimi ndiye niliyemfundisha kufunga. Nilikuwa nimesimama tayari, sijui ningefanya nini, labda ningegonga.

Halafu nikaelewa. Alikuwa amekaa kwanza.

Na ikaja. Moja, ya chini, akaiacha mpaka ikaisha, kama ile ya zulia. Ndipo akaendelea. Ilikuwa Kubembeleza, sijaisikia tangu asubuhi zako, na mikono yangu ikaanza kutafuta vyombo vya kuosha. Nililia pale kwenye benchi mbele ya watoto wa watu wenye makaratasi yao. Baba Salha alinipa leso yake yenye harufu ya petroli. Baadaye zikaja Kutwanga na Kuchekecha, kwa mpangilio wako.

Alipotoka nikamwuliza, ilikuwaje? Akapandisha mabega. Nikamwuliza wamesemaje? Wametabasamu. Sasa Bibi Galina, hilo ndilo linalonikosesha raha. Watu wa nchi hii hutabasamu hata wakikufukuza kazi. Majibu wanasema yatakuja, subirini. Na mimi sikio langu ni la mama, kwangu zote zilikuwa nzuri, hata zile za miaka tisa. Aliyekuwa akiniambia ukweli ni wewe. Wanafunzi wakimaliza kupiga, watu wanapiga makofi, mimi nilikuwa sitazami mikono yao, nakutazama wewe. Akipiga vibaya, unainama unatafuta viatu vyako. Akipiga vizuri, unageuka unaniambia, "Mwanaidi, chai." Basi. Hapo najua.

Keshokutwa ni arubaini yako. Ilya anawaita wanafunzi wote kwake, na nimefurahi kujua kwamba ninyi nanyi mnayo arubaini kama sisi. Bi Mwanakombo anakuja, amesema kuanua tanga hakumfukuzi mtu kwenye chakula. Nitaleta maandazi ya iliki na maua, na safari hii ni manne, nimeyahesabu na nitayahesabu tena. Salha atapiga. Kiti tutakibeba, Baba Salha mwenyewe amekifungia kamba mpya. Na nakuahidi, kiraka kikichakaa nitakishona, na kikichakaa tena nitakishona, na katika nyumba yangu hakuna mtu atakayekwenda safari hajakaa kwanza, hata kama ni ya dukani.

Lala salama, Bibi yangu. Mikono yako ipumzike, mafuta ya karafuu bado ninayo nusu chupa, nanusa tu.

Ila nijibu. Sijui kwenu marehemu hujibu kwa njia gani, kwetu huja ndotoni. Wewe uliyasikia yote, najua, hukosi kusikia. Usihangaike na maneno, wala usianze kunieleza bega wala vidole. Njoo tu ukae pale unapokaa, unigeukie, uniombe chai. Na usichelewe, tafadhali, unanijua nilivyo. Nimeshaweka maji jikoni.

Mwanaidi wako,
Mama Salha